Sugu Chini ya Kidole: Upasuaji wa Maumivu ya Nyayo za Mbwa

Mbwa hutembea kwa vidole vyake, si kwa wayo mzima kama afanyavyo binadamu, na kwa hiyo uzito wote wa mwili wake huishia juu ya vitakia vichache, yaani vimito vya ngozi nene na mafuta vilivyo upande wa chini wa mguu. Mguu wa mbele una kitakia kimoja chini ya kila kidole kati ya vile vinne vinavyokanyaga, kitakia kikubwa cha umbo la pembetatu nyuma ya vidole hivyo, na kingine kidogo kilicho juu zaidi, karibu na kifundo, ambacho hakigusi ardhi mbwa anaposimama wima. Kwa kuwa takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa aliyesimama hubebwa na miguu ya mbele, na kwa kuwa vidole viwili vya katikati, cha tatu na cha nne, ni virefu kuliko vya pembeni, sehemu kubwa ya mzigo huangukia mahali padogo sana. Kasoro ya milimita chache tu mahali hapo yaweza kumfanya mnyama mwenye afya tele asite kutoka mlangoni.

Umbile la kitakia hueleza kwa nini kikidhurika ni vigumu kukitibu. Tabaka lake la nje ni ngozi ya juu iliyo nene kuliko mahali pengine popote mwilini mwa mbwa, na imejaa keratini, ile protini inayounda kucha na nywele. Uso wake una vinundu vidogo vidogo vyenye umbo la pia, ambavyo humwezesha mbwa kushika ardhi bila kuteleza. Chini ya tabaka hilo kuna ngozi ya ndani yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na chini yake tena kuna mafuta yaliyogawanywa katika vyumba vidogo kwa nyuzi za kolajeni na nyuzi nyingine zinazonyumbuka. Mafuta hayo hayayeyuki mbwa anapokonda kama yanavyoyeyuka mafuta ya tumboni, kwa sababu kazi yake ni kupokea kishindo cha kila hatua. Jeraha la mgongoni au la ubavuni hupona likiwa limepumzika, lakini jeraha la kitakia hulazimika kupona huku likikanyagwa, na kila likikanyagwa kitakia hutanuka, na kingo za jeraha huvutwa zitengane.

Miongoni mwa maradhi ya kitakia, lililowashughulisha zaidi wapasuaji katika miaka ya karibuni ni sugu. Sugu inayozungumziwa hapa si ule ugumu wa kawaida wa ngozi ambao mbwa yeyote anayetembea kwenye mawe huupata bila kuumia. Ni duara dogo la keratini iliyobanana, lenye kipenyo cha milimita chache, ambalo kwa nje huonekana kuwa tambarare au limeinuka kidogo tu, ilhali kwa ndani linaendelea kuelekea kwenye ngozi laini likiwa na umbo la pia iliyogeuza ncha yake ndani. Mbwa anapokanyaga, ncha hiyo husukumwa juu ya tabaka lenye mishipa ya fahamu, na maumivu yake hayana tofauti na ya mtu aliyeingiwa na jiwe ndani ya kiatu asichoweza kukivua.

Ugonjwa huu una upendeleo wa ajabu. Huwapata karibu mbwa wa aina ya greihaundi peke yao, pamoja na jamaa zao wa karibu, yaani mbwa warefu, wembamba, wanaowinda kwa macho badala ya pua. Greihaundi ndiye mbwa wa mashindano ya mbio. Michezo ya kisasa ya mbio hizo ilianza baada ya Mmarekani Owen Patrick Smith kuunda sungura bandia anayeendeshwa kwa mashine, na kufungua uwanja wa kumtumia huko Emeryville, California, mwaka 1919. Mwaka 1926 mchezo huo ulivuka bahari na kuanzishwa katika uwanja wa Belle Vue mjini Manchester, Uingereza, na kutoka hapo ukaenea kwa kasi Ireland na Australia. Leo unafifia katika nchi kadhaa. Wapiga kura wa Florida waliamua mwaka 2018 kuupiga marufuku katika jimbo lao, serikali ya New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itaukomesha, na ile ya Wales ikatangaza nia kama hiyo Februari 2025. Mbwa wanaostaafu hutafutiwa makao katika nyumba za watu, na ndipo sugu nyingi zinapogunduliwa, kwa kuwa mbwa aliyezoea mchanga wa uwanjani sasa hutembezwa kila siku juu ya lami na saruji.

Dalili yake kuu hujulikana kwa urahisi na mtu anayejua anachokitafuta. Mbwa huchechemea akiwa juu ya sakafu ngumu au barabara yenye kokoto, lakini akifika kwenye majani hutembea vizuri, na pengine hukimbia kana kwamba hakuna kilichokuwa kikimsumbua. Tofauti hiyo kati ya ardhi ngumu na ardhi laini ina thamani kubwa kwa daktari, kwa sababu mbwa mwenye maradhi ya bega au kiwiko kwa kawaida huchechemea kote. Mbwa wengine hujifunza kutembea ukingoni mwa njia wakitafuta nyasi, na wamiliki wao hudhani kuwa ni ukaidi. Daktari akikishika kidole chenye sugu na kukibonyeza kutoka pande zote mbili, mbwa huvuta mguu. Akikilowesha kitakia kwa maji au spiriti na kukimulika, duara la sugu hujitokeza kwa rangi iliyofifia na mpaka ulio wazi kuliko ngozi inayolizunguka. Picha ya eksirei haionyeshi sugu yenyewe, ingawa husaidia kuondoa shaka ya mfupa uliovunjika, kiungo kilichochakaa au kipande cha chuma kilichoingia.

Uchunguzi huo hauna budi kufanywa kwa utulivu kwa sababu mambo yanayoweza kuumiza wayo wa mbwa ni mengi, na hutofautiana kwa mahali. Katika Afrika Mashariki, ambako greihaundi ni wachache mno na mbwa walio wengi ni wa kienyeji, mbwa anayechechemea hushukiwa kwanza kuwa amechomwa mwiba au amekanyaga kigae cha chupa, na katika maeneo yenye udongo mkavu wa vumbi hushukiwa kuwa na funza. Mdudu huyo, aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini na kufika pwani ya Angola mwaka 1872 kabla ya kulivuka bara mpaka Bahari ya Hindi, hujipenyeza kwenye nyayo za mbwa kama anavyojipenyeza kwenye vidole vya watoto, na akivimba huweza kuonekana kwa nje kama duara jeupe lenye doa jeusi katikati. Mtu asiye na uzoefu aweza kudhani ameona sugu. Funza hana haja ya kisu cha upasuaji, na kumchokonoa kwa pini chafu huacha vidonda vinavyooza. Ndiyo maana kila duara lililo chini ya wayo wa mbwa linastahili kutambuliwa kabla ya kukatwa.

Kuhusu chanzo cha sugu, kuna maelezo matatu ambayo kila moja lina watetezi wake. Maelezo ya kwanza yanasema kwamba kitu kidogo kama punje ya mchanga au kibanzi cha kioo huingia ndani ya kitakia, na ngozi hujilinda kwa kujenga keratini kukizunguka. Ni kweli kwamba katika baadhi ya sugu zilizotolewa hupatikana kitu cha namna hiyo, au kovu la jeraha la zamani, lakini katika nyingi hakipatikani chochote. Maelezo ya pili yanavilaumu virusi vya papiloma, jamii ile inayosababisha chunjua, na watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2016 matokeo yaliyoonyesha chembe za urithi za virusi hivyo kwenye sugu za greihaundi. Kupatikana kwa virusi mahali pa ugonjwa, hata hivyo, si ushahidi wa kutosha kwamba ndivyo vilivyouleta, kwa sababu virusi vya papiloma huweza kukaa kwenye ngozi nzima bila kuleta dhara lolote. Maelezo ya tatu, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi kwa sasa, yanasema kwamba sugu ni matokeo ya mgandamizo. Greihaundi hana mafuta mengi mwilini, kitakia chake si kinene sana, na vidole vyake vimekunjwa kwa upinde mkali, kiasi kwamba ncha ya mfupa hukandamiza ngozi kutoka ndani mahali pale pale ambapo ardhi inaikandamiza kutoka nje. Ngozi inayobanwa hivyo kila siku hutengeneza keratini zaidi, na keratini hiyo ikishakuwa ngumu huwa yenyewe chanzo kipya cha mgandamizo.

Ushahidi wa maelezo haya ya tatu uko mwilini mwa wagonjwa wenyewe. Sugu hutokea zaidi miguu ya mbele kuliko ya nyuma, hutokea zaidi kwenye vidole vya katikati kuliko vya pembeni, na mbwa aliyekatwa kidole kimoja au aliyeumia kano ya kidole huweza kupata sugu kwenye kidole jirani kilichoachiwa mzigo. Kama virusi peke yake ndivyo vingekuwa chanzo, ni vigumu kueleza kwa nini vifuate uzito wa mwili kwa uaminifu kiasi hicho.

Kabla ya upasuaji wowote kufikiriwa, kuna matibabu ya kawaida ambayo humpa mbwa nafuu ya muda. La msingi ni kung'oa kiini cha sugu bila kukata ngozi hai. Kitakia hulainishwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu au mafuta, kisha daktari hutumia kifaa chembamba kisicho na makali, mara nyingi kile kile kinachotumika kulegeza meno, akakipitisha pole pole kwenye mpaka kati ya keratini ngumu na ngozi laini, akizunguka duara lote mpaka kiini kilegee na kutoka. Ikifanywa kwa ustadi damu haitoki na mbwa hahitaji nusukaputi, na si ajabu kumwona akikanyaga kwa nguvu zaidi siku ile ile. Lakini kiini hurudi baada ya wiki chache, kwa kuwa kilichokiumba hakijaondoka, na kazi hiyo hulazimika kurudiwa maisha yote ya mbwa. Viatu vya mpira vyenye soli nene husaidia matembezini, na kumtembeza mbwa kwenye majani husaidia zaidi. Jambo la kutahadharisha ni plasta za sugu zinazouzwa madukani kwa ajili ya watu: dawa iliyomo, asidi ya salisiliki, huunguza ngozi nzima ya kitakia, na mbwa akiilamba humdhuru tumboni. Vidonge vya maumivu vya binadamu navyo, hasa ibuprofeni, ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi ambacho mtu hukinywa bila wasiwasi.

Upasuaji ambao kwa miaka mingi ulionekana kuwa tiba ya uhakika ni ule wa kuikata sugu yote pamoja na sehemu ya kitakia inayoizunguka. Mbwa hulazwa kwa nusukaputi, nywele kati ya vidole hunyolewa, wayo husafishwa kwa dawa, na mkanda wa mpira hufungwa juu ya mguu ili kuzuia damu kwa muda, kwa maana kitakia kina mishipa mingi ya damu na daktari asiyeona vizuri anachokikata hawezi kujua kama ameacha mabaki. Mkato hufanywa kwa umbo la duaradufu, huku ukienda chini mpaka yaonekane mafuta, na kipande chote hutolewa kizima. Ugumu halisi huanza wakati wa kushona. Ngozi ya kitakia ni nene, haivutiki, na sindano huipenya kwa taabu. Nyuzi zikishikwa karibu mno na ukingo wa jeraha hukata ngozi mara tu mbwa anapokanyaga, kwa hiyo daktari huzishika mbali na ukingo, na wengi hutumia mshono wa mizunguko miwili ambao uzi mmoja hupita mbali na kisha karibu na ukingo ili mvutano ugawanyike. Baada ya hapo mguu hufungwa bendeji nzito, wakati mwingine pamoja na gango, na nyuzi huachwa kwa wiki mbili hadi tatu, muda mrefu kuliko unaohitajika kwa ngozi ya kawaida.

Tatizo la upasuaji huu ni kwamba mara nyingi ugonjwa hurudi hata kama mshono umepona vizuri. Daktari wa wanyama wa Uingereza, Michael Guilliard, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa mbwa 30 wenye sugu, na mojawapo ya mambo waliyoyaonyesha ni kwamba zaidi ya nusu ya sugu zilizokatwa zilirudi. Matokeo hayo ni ya kusikitisha kwa mnyama aliyevumilia majuma ya bendeji, lakini hayapaswi kumshangaza anayekubali kwamba chanzo ni mgandamizo, kwa sababu kisu kimeondoa ngozi iliyogandamizwa na kuacha mfupa, upinde wa kidole na uzito wa mbwa vikiwa vile vile. Zaidi ya hayo, mkato wenyewe huacha kovu mahali pa kukanyagia, na kovu ni gumu kuliko mafuta liliyoyachukulia nafasi, hivyo lenyewe laweza kuwa mwanzo wa sugu mpya. Kukata kitakia bado kuna mahali pake, hasa pale ambapo kuna kitu kigeni kilichobaki ndani au shaka ya uvimbe wa saratani unaohitaji kupimwa maabara, lakini kwa greihaundi mwenye sugu ya kawaida hakustahili tena kutangulizwa mbele ya njia nyingine.

Wapo waliojaribu kuukabili mzigo kwa kuondoa kidole kizima, au kipande cha mfupa kinachokandamiza. Kukata kidole huondoa sugu bila shaka yoyote, na kwa kidole cha pembeni mbwa huzoea upesi. Kwa kidole cha katikati gharama ni kubwa zaidi, kwani kila gramu iliyobebwa na kidole hicho huhamia kwa jirani yake, na jirani huyo ana umbile lile lile lililosababisha sugu ya kwanza. Ni upasuaji wa kufikiriwa pale kidole chenyewe kimeharibika, si pale kinapouma tu.

Njia iliyobadilisha mawazo ya wengi imeelekea mahali ambapo mmiliki wa mbwa hangetarajia, yaani kwenye kano, ule uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Ili kuielewa njia hii yafaa kukumbuka kwamba kila kidole cha mbwa kinachokanyaga kina pingili tatu, na kwamba nyuma ya mguu hushuka kano mbili zinazokikunja. Kano ya juujuu hujishikiza kwenye pingili ya pili, wakati kano ya ndani hupita katikati ya pete inayoundwa na ile ya juujuu, ikaendelea mpaka pingili ya tatu inayobeba ukucha. Kano ya juujuu ndiyo inayokaza upinde wa kidole na kukifanya kisimame kwa kukunjwa, hali inayoipeleka ncha ya pingili ya pili ielekee chini juu ya kitakia. Kano hiyo ikikatwa, kidole hulala na kuwa bapa zaidi, mgandamizo uliokusanyika mahali pamoja husambaa, na ngozi iliyokuwa ikibanwa kati ya mfupa na ardhi hupata nafasi ya kupumua.

Kazi yenyewe ni ndogo ikilinganishwa na kukata kitakia. Mbwa akiwa amelala kwa nusukaputi, daktari hupasua ngozi kwa mkato mfupi upande wa chini wa mguu, mahali ambapo hapakanyagi ardhi, akaitafuta kano ya kidole husika na kuinyanyua kwa kifaa chembamba ili kuitenganisha na kano ya ndani. Hapa ndipo umakini wote unapohitajika, kwa kuwa kano hizo mbili zimeshikamana karibu sana, na kano ya ndani ikikatwa kwa makosa ukucha hupoteza kinachouvuta chini na kubaki umeelekea juu. Akishahakikisha kwa kuvuta na kutazama ni pingili ipi inayosogea, daktari huikata kano ya juujuu, na mara nyingi huondoa kipande chake kifupi ili ncha zake zisije zikaungana tena. Ngozi hushonwa kwa nyuzi chache. Kiini cha sugu hung'olewa kwa njia ile ya kawaida wakati huo huo, au huachwa kisukumwe nje chenyewe kadiri ngozi inavyojijenga upya bila kubanwa.

Mbwa wengi waliofanyiwa upasuaji huu na kuripotiwa na madaktari walipata nafuu ya kutembea, na faida yake kubwa ni kwamba hakuna kidonda kinachoachwa mahali pa kukanyagia. Ni lazima isemwe pia kwamba idadi ya mbwa waliofuatiliwa kwa miaka mingi bado si kubwa, kwamba si kila mbwa hupona, na kwamba mbwa anayeendelea na mashindano huenda asibaki na kasi yake baada ya kupoteza kano inayosaidia kukikaza kidole. Kwa mbwa aliyestaafu hasara hiyo haina uzito wowote. Anachokihitaji ni kutembea barabarani bila maumivu, na kwa lengo hilo hoja ya kukata kano ina mantiki ambayo upasuaji wa zamani haukuwa nayo, kwa sababu inaugusa mzigo wenyewe badala ya alama uliyoiacha juu ya ngozi.

Kuna upande mwingine wa upasuaji wa nyayo ambao hauhusu sugu bali hasara ya kitakia chenyewe, pale mbwa anapogongwa na gari na kuburutwa, au anapokatwa na waya. Kitakia cha kidole kikipotea mbwa huweza kuendelea kwa vidole vilivyobaki, lakini kitakia kikubwa cha nyuma ya vidole kikipotea mguu wote huwa hatarini, kwa maana hakuna ngozi ya sehemu nyingine ya mwili inayoweza kuustahimili msuguano wa ardhi. Ngozi ya ubavuni ikipandikizwa pale huchubuka na kutoka vidonda visivyokoma. Wapasuaji huitatua shida hiyo kwa kukitoa mhanga kidole kimoja. Mifupa yake pamoja na ukucha hutolewa kwa uangalifu bila kuikata mishipa ya damu inayokilisha kitakia chake, kisha kitakia hicho, ambacho sasa ni laini na kinasogezeka, hurudishwa nyuma na kushonwa mahali pa kile kilichopotea. Mbwa hubaki na vidole vitatu na kitakia cha kukanyagia, na mguu ambao ungekatwa huokolewa.

Greihaundi anayepelekwa kwenye chumba cha upasuaji ana mahitaji yake ambayo daktari asiyemzoea aweza kuyakosa. Ini lake huziondoa baadhi ya dawa za nusukaputi taratibu kuliko ini la mbwa wengine, na ndiyo maana dawa ya zamani ya thiopentali, iliyotumika kwa mbwa wengi bila shida, ilimwacha greihaundi akiwa amelala kwa saa nyingi. Madaktari wa leo huchagua dawa nyingine. Mwili wake mwembamba hupoteza joto upesi mezani. Damu yake ina chembe nyekundu nyingi kuliko kawaida, kiasi ambacho kwa mbwa wa aina nyingine kingedhaniwa ni dalili ya upungufu wa maji. La hatari zaidi ni kutokwa na damu kunakochelewa: mshono huonekana mkavu siku ya kwanza, mbwa hurudi nyumbani, na siku ya pili au ya tatu michubuko ya zambarau huanza kuenea kutoka kwenye jeraha na damu kupenya bendeji. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 juu ya greihaundi wastaafu waliohasiwa au kuondolewa vizazi ulionyesha kwamba takriban robo yao walitokwa na damu kwa namna hiyo. Damu yao huganda vizuri, lakini donge lililoganda huyeyuka mapema mno, na kwa sababu hiyo madaktari wenye uzoefu humpa mbwa dawa za kuzuia myeyuko huo, kama asidi ya traneksamiki au asidi ya aminokaproiki, tangu siku ya upasuaji na kwa siku kadhaa zinazofuata.

Uuguzi wa nyumbani huamua mengi. Bendeji ya mguu ikilowa maji au mkojo hugeuka kuwa mahali pa kuzalia vijidudu, kwa hiyo hufunikwa kwa mfuko wa plastiki mbwa anapotoka nje na kufunuliwa mara tu anaporudi. Ikikaza kupita kiasi vidole viwili vya katikati, ambavyo ncha zake huachwa wazi kwa makusudi, huvimba na kutanuka, na hapo hairuhusiwi kusubiri mpaka asubuhi. Mbwa hutembezwa kwa kamba, hatua chache, kwa haja zake tu, na huvishwa kola pana shingoni ili asifikie nyuzi kwa meno. Jeraha likishafunga na nyuzi zikishatolewa, mbwa aliyekatwa kano hurudishwa kwenye ardhi ngumu kwa kiasi kidogo kidogo, na kidole chake kilicholala hukaguliwa ukucha wake, kwa kuwa pembe yake imebadilika na huweza kukua bila kupunguzwa na barabara, kama hapana mtu wa kuukata.

Vitakia vya vidole jirani hukaguliwa vilevile, kimoja baada ya kingine, kwa kidole cha gumba kinachobonyeza kutoka pembeni, angalau mara moja kwa mwezi. Sugu changa iliyogunduliwa ikiwa bado haijazama huweza kutunzwa kwa kulainishwa na kung'olewa kiini chake mapema, na mbwa mzee mwenye moyo dhaifu, ambaye nusukaputi ni hatari kwake kuliko sugu yenyewe, huweza kumalizia miaka yake kwa matunzo hayo pamoja na viatu na njia ya majani.